Kopo la Uwatu

Mihir alipokuja likizo kutoka Kalgari
alinikuta jikoni nikilowesha kidole kwa ulimi,
nahesabu noti za Shevanta juu ya kibao cha chapati.
Akacheka. Mama, hata muuza bilinganya pale chini
siku hizi analipwa kwa simu.
Akataja kumbukumbu, akataja ushahidi,
akasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Juma lile lile Shevanta akapigwa picha ya benki,
macho makavu, kama mtu aliyekamatwa.

Tarehe mosi nikabonyeza.
Elfu nne na mia tano zikaondoka bila harufu,
bila yeye kufuta mikono kwenye ncha ya sari
na kuzigusisha kipajini kabla ya kuzificha kifuani.
Nilihisi nimemlipa mtu mwingine.

Na kweli nilimlipa mtu mwingine.

Simu ya nyumba ile ni moja,
na mwenye simu ndiye mwenye mlio.
Ujumbe ulilia mfukoni mwa Dagadu, mumewe,
Shevanta akiwa bado anasugua sufuria ya pili.
Hela zetu zilikuwa na daftari, Mihir,
na zilipotea na habari, tena kwa kengele.

Mwezi wa kwanza alisema, Kaku, mtandao ulikuwa chini.
Wa pili hakusema kitu.
Wa tatu mkono wake wa kulia ulikuja bila bangili,
na kushoto zilikuwa zimesalia mbili.

Alipofungua kinywa alikuwa amekwisha kupanga yote:
Benki iendelee kupata kile anachokijua.
Ile nyongeza ya Diwali usiipeleke.
Na bakshishi, na siku za wageni, usizipeleke.
Ziweke humu.
Akanionyesha kopo la uwatu.
Mwanamume, alisema, hatafuti kitu penye uchungu.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Sikuwahi kuandika tarakimu ya uongo.
Sasa nina daftari la Mihir, safi, linalometa kwenye kioo,
na jingine nyuma ya kalenda ya muuza gesi,
ambako kila mwezi Shevanta anachovya gumba kwenye manjano
na kuligandamiza kando ya jumla.

Nilidhani atanishukuru.
Badala yake akasema, Poornima awe anakuja kulisoma.
Nikauliza, huniamini?
Akaendelea kupanga vijiko.
Mwaka ule niliomzika mama, akasema,
ulinikata siku mbili.

Nilikuwa nimesahau.
Au tuseme hakukuwa na mahali palipoandikwa,
na noti mbili zilizobaki mkononi mwangu
hazikumlilia mtu yeyote mfukoni.
Ndivyo taslimu ilivyo, nayo:
humstiri mnyonge,
humstiri na mwizi mwenye miwani na mvi.

Basi Poornima anakuja, darasa la nane, nywele mafuta,
anasimama mlangoni hadi nimwambie aketi,
kisha anapitisha kalamu juu ya mistari yangu
kama nilivyokuwa nikipitisha juu ya mistari ya watoto wa watu.
Jumamosi iliyopita alinyanyua kichwa:
Kaku, umeruka mia ya Sankranti.
Nikaliangalia. Kweli nimeiruka.
Nikaandika. Mkono ulitetemeka kidogo, uzee tu.

Usiku Mihir alipiga.
Mfumo unakwendaje, Mama?
Nikamwambia vizuri, mwanangu,
nambari zote zinaonekana.

Ada ya shule ililipwa Juni, noti kwa noti.
Poornima anasema karani alizinusa,
akamtazama, akazinusa tena,
kisha akagonga muhuri.